SEVA ISIYOLALA: SAFARI YA PROGRAMU YETU YA METHALI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua umezoea kukuta mashairi, vitendawili na insha katika kurasa hizi. Leo nakuomba univumilie kidogo, maana nitazungumzia tarakilishi. Tafadhali usigeuze ukurasa! Mambo yenyewe yalianza na methali.

Muhula wa kwanza, katibu wa chama na mimi tuliandika programu ndogo kwa lugha ya Python. Programu hiyo hukuonyesha nusu ya methali nawe ukaikamilisha. Ukipata, unaongezewa alama. Ukikosa, unaonyeshwa jibu pamoja na maana yake. Tuliiweka katika kompyuta moja ya maabara, na wakati wa mapumziko watu walikuwa wakipanga foleni kama ya kununua mandazi.

Shida ilikuwa moja. Shule yetu ni ya kutwa. Wenzetu wa mabweni wana muda wa kudurusu usiku wakiwa pamoja, lakini sisi ikifika saa kumi na nusu jioni maabara inafungwa na kila mtu anashika njia ya kwao. Anayetaka kujipima saa mbili usiku, akiwa na simu ya mamake na bando kidogo, atafanyaje?

Siku moja mwalimu mlezi wa chama alituuliza, "Kwani hiyo programu yenu haiwezi kutoka humu chumbani?"

"Inaweza, Mwalimu," nikajibu upesi.

Kusema kweli sikujua lolote. Lakini neno likishatoka halirudi, basi ikanibidi nijifunze. Katika makala haya nitakueleza hatua tulizofuata, pamoja na makosa yangu mawili, kwa kuwa makosa hayo ndiyo yaliyonifunza zaidi. Ukisahau mengine yote, shika hili: kuiwasha seva si kazi kubwa. Kazi ni kuhakikisha kwamba inaendelea kujibu wewe ukiwa umelala.

SEVA NI NINI, NA WINGU NI NINI?

Seva ni tarakilishi inayokaa ikingoja kuulizwa, kisha ikajibu. Hata ile ya maabara yaweza kuwa seva. Ila seva nzuri inahitaji umeme usiku na mchana, intaneti isiyokatika, na anwani isiyobadilika. Kwetu stima hupotea mvua ikianza tu kunyesha. Ndiyo maana watu hukodi.

Hapo ndipo neno "wingu" linapoingia. Usidhani ni wingu la mvua. Fikiria ploti ya nyumba za kupanga. Mwenye ploti ana jengo moja kubwa, amelikata vyumba vingi, na kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake. Kampuni za wingu hufanya vivyo hivyo. Zina majumba yaliyojaa tarakilishi zenye nguvu sana, na programu maalum huigawa tarakilishi moja ikawa kama nyingi ndogo ndogo. Kila ndogo hujiona imejitegemea, ina kumbukumbu yake, diski yake na anwani yake. Hiyo ndiyo mashine pepe. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha mashine za namna hii mwaka 2006, na siku hizi kampuni za kukodisha ni nyingi.

Mashine yetu iko Frankfurt, Ujerumani. Swali la mwanafunzi linatoka kwenye simu yake, linapita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama zile zilizofika Mombasa mwaka 2009, na jibu linarudi kabla hujamaliza kupiga chafya. Tulichagua chumba kidogo kabisa: kichakataji 1, kumbukumbu ya gigabaiti 1 na diski ya gigabaiti 25. Kodi yake ni dola 6 kwa mwezi, yaani shilingi 780 hivi.

Chama hakina hela hizo. Mjomba wangu alikubali kulipa kwa kadi yake kwa miezi mitatu. "Lakini nikiona wamekata hata shilingi moja zaidi, utanieleza," akasema. "Sawa, Mjomba," nikamwambia, na hapo hapo nikajifunza jambo: kwa kampuni nyingi, kuizima mashine hakusimamishi malipo yote. Ni kama kufunga chumba na kwenda ushago. Kodi bado inahesabika. Ukitaka malipo yakome, sharti uifute kabisa mashine hiyo.

HATUA YA KWANZA: KUFULI NA UFUNGUO

Mashine pepe haina kioo wala kibodi ya kugusa. Unaiamuru ukiwa mbali kwa njia iitwayo SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Ufini. Kila unachoandika hufichwa njiani, asiweze mtu kukisoma. Kwenye laptopu ya binamu yangu niliandika:

ssh-keygen -t ed25519

Amri hii hutengeneza vitu viwili. Cha kwanza ni kama kufuli, na kufuli unaweza kumpa yeyote. Cha pili ni ufunguo, na huo haumpi mtu hata awe rafiki wa chanda na pete. Wakati wa kukodi tuliipa kampuni kufuli letu, tukachagua mfumo wa Ubuntu 24.04, na baada ya dakika moja hivi tukapewa anwani ya nambari. Tukaingia (nambari hii ni ya mfano tu):

ssh root@203.0.113.10

Root ni mtumiaji mkuu, anayeweza kufanya lolote, hata kubomoa nyumba nzima kwa amri moja. Si vizuri kushinda ukitumia jina hilo. Tulimuumba mtumiaji wa kawaida, tukampa ruhusa ya kuomba madaraka panapohitajika, kisha tukamnakilia lile kufuli:

adduser chama
usermod -aG sudo chama
rsync --archive --chown=chama:chama ~/.ssh /home/chama

Tulijaribu kuingia kwa jina hilo jipya kupitia dirisha la pili kabla ya kufunga la kwanza. Halafu tukazima kabisa kuingia kwa neno la siri. Ni ufunguo tu unaokubalika. Unadhani tulikuwa na woga bure? Tulipochungulia kumbukumbu za mashine, tuliona kwamba watu tusiowajua walikuwa tayari wanabisha na kubahatisha maneno ya siri, na mashine haikuwa imemaliza hata saa moja. Si watu hasa, bali ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu kila mlango. Hawakutuchagua sisi. Wanajaribu wote.

Baada ya hapo tulisasisha programu zote, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta:

sudo apt update
sudo apt upgrade

HATUA YA PILI: MILANGO, NA KOSA LANGU LA KWANZA

Tarakilishi iliyo mtandaoni ina milango mingi yenye nambari. SSH hutumia mlango 22. Tovuti za kawaida hutumia mlango 80, na zile zinazofichwa njiani hutumia 443. Mingine yote inafaa kufungwa. Kwa kazi hiyo Ubuntu ina programu iitwayo ufw.

Nami kwa haraka yangu nikaandika amri ya kufunga:

sudo ufw enable

Mashine ikanionya kwamba huenda nikakata mawasiliano yangu mwenyewe, ikaniuliza kama niendelee. Nikabonyeza "y" bila kusoma. Kazi ikaendelea vizuri tu, kwa sababu nilikuwa tayari niko ndani. Nikafunga laptopu nikalala nikiwa na furaha.

Kesho yake sikuweza kuingia! Kumbe nilikuwa nimefunga milango yote, hata mlango 22 ambao ndio wangu. Nilijifungia nje, funguo ninazo mkononi. Kwa bahati mashine ilikuwa bado tupu, basi nikaifuta na kukodi nyingine, nikaanza tena mwanzo. Safari hii niliandika kila amri katika daftari langu la ziada kabla ya kuitumia. Mpangilio ulio sahihi ni huu:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 80
sudo ufw allow 443
sudo ufw enable

Ruhusu kwanza, kisha funga. Lile daftari limekuwa na faida kubwa. Kazi iliyonichukua siku mbili mara ya kwanza, mara ya pili ilichukua dakika 40.

HATUA YA TATU: PROGRAMU, NA KOSA LANGU LA PILI

Tulihamisha mafaili yetu hadi kwenye mashine, tukayaweka katika /home/chama/methali. Kisha tukaweka vifaa vinavyohitajika:

sudo apt install python3-venv nginx
cd /home/chama/methali
python3 -m venv venv
venv/bin/pip install flask gunicorn

Flask ndiyo iliyotusaidia kuandika kurasa za programu. Gunicorn ndiyo inayoiendesha na kugawa kazi kwa wafanyakazi kadhaa, ili wanafunzi wengi wakiuliza kwa pamoja wasingojane. Niliiwasha kwa mkono, nikafungua mlango 8000 kwa muda, nikajaribu kwa simu. Methali ya kwanza ikatokea! Nilipiga kelele hadi mama akauliza kama nimeona nyoka. Ilikuwa Jumamosi. Niliwatumia darasa lote anwani, kwa kuwa Jumatatu tulikuwa na mtihani wa kati wa muhula.

Jumapili saa mbili usiku nilifunga laptopu, nikaenda kulala mapema.

Jumatatu asubuhi, langoni, mwanafunzi mwenzangu alinisimamisha. "Wewe! Nimenunua bando ya shilingi ishirini, simu ya mama nimeiomba kwa magoti, halafu hiyo kitu yenu inasema haipatikani. Nimekaa nikijaribu mpaka bando ikaisha. Sikusoma hata kitabu."

Sikuwa na la kumjibu. Shilingi ishirini kwao si pesa kidogo, na usiku wa kuamkia mtihani haurudi. Nilimpa pole, lakini pole haijibu swali la mtihani.

Kosa lilikuwa nini? Niliiwasha Gunicorn kupitia dirisha langu la SSH. Programu uliyoiwasha hivyo ni kama mtoto uliyemshika mkono. Wewe ukiondoka, naye anaondoka. Nilipofunga laptopu, mawasiliano yalikatika, dirisha likafa, na programu ikafa nalo. Mashine yenyewe kule Frankfurt ilikuwa hai usiku kucha, ila haikuwa na mtu wa kujibu.

Dawa yake ni kuikabidhi programu kwa msimamizi asiyeondoka. Katika Ubuntu msimamizi huyo anaitwa systemd. Ndiye anayeamka wa kwanza mashine ikiwaka, naye huwaamsha wengine. Tuliandika faili /etc/systemd/system/methali.service lenye maneno haya:

[Unit]
Description=Programu ya methali
After=network.target

[Service]
User=chama
WorkingDirectory=/home/chama/methali
ExecStart=/home/chama/methali/venv/bin/gunicorn -w 3 -b 127.0.0.1:8000 app:app
Restart=always

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Tazama mistari mitatu. "Restart=always" maana yake programu ikianguka iinuliwe tena. "-w 3" ni wafanyakazi watatu, wanaotosha kwa mashine yenye kichakataji kimoja. Na "127.0.0.1" ni anwani ya ndani ya mashine yenyewe, hivyo mtu wa nje hawezi kuifikia Gunicorn moja kwa moja. Kisha:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now methali
sudo ufw delete allow 8000

Neno "enable" ndilo linalosema kwamba programu iamshwe kila mashine inapowaka. Ukilisahau, siku mashine itakapozimwa na kuwashwa utarudi kule kule kwa bando ya shilingi ishirini. Amri ya tatu inaufunga ule mlango wa kujaribia.

HATUA YA NNE: SOJA WA MLANGONI

Sasa Gunicorn iko ndani, na wageni wako nje. Nani atawapokea? Hapa tunaiweka Nginx, programu iliyotolewa mwaka 2004 na Igor Sysoev wa Urusi. Fikiria hoteli. Nginx ni soja wa mlangoni, anayepokea wageni na kupeleka maagizo jikoni. Gunicorn na wafanyakazi wake ni wapishi. Hifadhidata, yenye alama za kila mmoja, ni stoo. Mgeni haingii jikoni kamwe. Maagizo ya soja tuliyaandika hivi:

server {
    listen 80;
    server_name JINA_LETU;
    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
        proxy_set_header Host $host;
    }
}

Kabla ya kumwambia soja asome maagizo mapya, yakague kwa "sudo nginx -t". Yakiwa sawa, ndipo uandike "sudo systemctl reload nginx".

Na siku ukiona nambari 502 kwenye kioo, usibabaike. Maana yake soja yupo, lakini jikoni hakuna anayeitika. Kaangalie Gunicorn. Ukiona hakuna jibu lolote, basi shida iko mlangoni au kwa mashine nzima. Kujua hilo pekee kutakuokolea saa nzima ya kuhangaika.

HATUA YA TANO: JINA NA CHETI

Nani atakumbuka nambari ndefu? Mwalimu anayesimamia tovuti ya shule alitupatia jina chini ya kikoa cha shule, akaliunganisha na nambari ya mashine yetu. Kisha tukaomba cheti kutoka kwa shirika la Let's Encrypt, ambalo tangu mwaka 2015 limekuwa likitoa vyeti bila malipo. Cheti huthibitisha kwamba tovuti ndiyo yenyewe, na huwezesha mazungumzo kufichwa njiani.

sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx

Vyeti hivi havidumu mwaka mzima, lakini certbot huvifanya upya yenyewe. Tazama tena kanuni yetu: kazi inayotegemea mtu akumbuke, ipewe mashine.

Kuhusu data, programu haiulizi jina kamili wala nambari ya usajili. Kila mtu hujichagulia lakabu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka usikusanye usichohitaji, na sisi hatuhitaji. Na kila usiku mashine hunakili hifadhidata, na Ijumaa katibu huichukua nakala hiyo akaiweka maabara. Akiba haiozi. Ila nakala inayokaa katika mashine ile ile si akiba. Nyumba ikiungua, na sanduku la pesa linaungua.

MTIHANI WA MWISHO

Ijumaa moja tulimwita mwalimu mlezi aje aione. Alipoingia, nilimwomba ruhusa.

"Mwalimu, naomba niizime na kuiwasha tena."

"Uizime? Si ndiyo sasa imekubali kufanya kazi?"

"Ndiyo maana, Mwalimu."

Nikaandika "sudo reboot". Dirisha langu likakatika. Sikuingia tena, na sikugusa kitu. Mwalimu alikuwa ameshika simu yake, nasi tumemzunguka kimya. Alijaribu mara ya kwanza, hola. Mara ya pili, hola. Baada ya sekunde 40 hivi akajaribu tena, na nusu ya methali ikatokea: "Mtaka cha mvunguni..." Mwalimu akaandika "sharti ainame", akapata alama yake, akacheka.

Jumatatu iliyofuata niliangalia kumbukumbu za mashine. Lakabu moja ilikuwa imeingia Jumapili saa 18:10 na kujibu methali 45. Mashine yetu huhesabu saa za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa tatu na dakika kumi usiku. Lakabu yenyewe namjua mwenyewe. Ni yule wa bando. Wakati huo mimi nilikuwa nimelala, na laptopu ilikuwa kwa binamu.

Kodi ya mjomba inaisha mwisho wa muhula huu. Mwanachama akitoa shilingi 20 kwa mwezi, wanachama 39 wanatosha kulipa. Tafadhali, mweka hazina yuko tayari kupokea.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kuizima mashine pepe na kuifuta.
2. Kwa nini tunaruhusu mlango 22 kabla ya kuwasha ufw?
3. Umeona nambari 502. Nani yupo, na nani hayupo?
4. Programu inafanya kazi vizuri leo. Utajuaje kwamba itafanya kazi kesho bila wewe?

Majibu yaletwe kwa katibu. Atakayepata yote ataruhusiwa kuongeza methali kumi zake mwenyewe.